Buibui, Barua na Shilingi Moja kwa Wiki

Mwezi wa Julai mwaka 1661, watu wazima wenye akili zao timamu, wengine madaktari, wengine makabaila wenye vyeo, walikusanyika katika chumba kimoja mjini London wakachora duara kwa unga. Unga wenyewe ulisemekana ni wa pembe ya yule mnyama wa hadithi anayefanana na farasi, mwenye pembe moja kipajini. Tangu enzi za mababu zao ilisemwa kwamba buibui akiwekwa ndani ya duara la unga huo hawezi kutoka. Basi wakamweka buibui katikati. Buibui akatoka. Wakamrudisha, akatoka tena. Wakarudia mara kadhaa, kisha ikaandikwa kwenye daftari la mkutano kwamba buibui alikimbia, wakaendelea na mambo mengine.

Utacheka, ndugu msomaji. Lakini hebu jiulize, ni mambo mangapi tunayaamini hapa mjini kwa sababu tu fulani alisema, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kwenda kumtafuta huyo buibui?

Shuleni sayansi tuliisoma kama orodha ya majina. Galileo ana lake, Boyle ana kanuni yake ya gesi, Newton ana tunda lake lililodondoka. Kila mmoja yuko peke yake kwenye ukurasa wake, kama vile alizaliwa anajua. Nimekuwa nikisoma habari za watu hawa kwa muda sasa, mwanzoni kwa ajili ya riwaya ninayojaribu kuiandika, na kila nikizidi kusoma naona kuwa orodha ile imeficha kitu. Imeficha kijiwe. Nyuma ya majina yale kuna chumba, mchango wa kila wiki, karani wa barua, na mtu wa kununua mishumaa. Bila hivyo, mengi tuliyokariri yangekufa na wenyewe.

Chumba ninachokisemea kilikuwa Gresham College, London. Tarehe 28 Novemba 1660, siku ya Jumatano, kijana mmoja aitwaye Christopher Wren alimaliza mhadhara wake wa elimu ya nyota. Watu 12, yeye akiwa mmojawapo, wakabaki kuongea. Wakakubaliana wawe wanakutana kila Jumatano saa tisa alasiri, waunde chama cha kuendeleza elimu ya majaribio. Kiingilio kikawa shilingi 10, na mchango shilingi moja kwa wiki, uwepo usiwepo. Hiyo ni shilingi ya Kiingereza ya wakati ule, si hii yetu. Mwaka 1662 Mfalme Charles wa Pili akawapa hati, na ndiyo asili ya jina Royal Society, yaani Jumuiya ya Kifalme. Jina aliwapa, lakini pesa hakuwapa. Aliwapa pia rungu la fedha la kuwekwa mezani wakati wa mkutano, na kwa mujibu wa shajara ya Samuel Pepys, mwaka 1664 mfalme huyohuyo aliwacheka sana kwa kupoteza muda wakipima uzito wa hewa.

Ili ujue kwa nini kijiwe hicho kilikuwa jambo kubwa, kumbuka nchi ile ilikuwa imetoka wapi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza mwaka 1642. Mwaka 1649 walimkata kichwa mfalme wao, baba yake huyu Charles. Watu waliuana kwa sababu ya dini na siasa, na kila upande ulikuwa na uhakika kabisa kwamba ukweli ni wake. Miongoni mwa wale 12 walikuwepo waliomtumikia mfalme na waliokuwa upande wa Bunge. John Wilkins, mwenyekiti wa kikao kile cha kwanza, alikuwa shemeji wa Oliver Cromwell! Watu wa namna hiyo wakikaa meza moja, mada ya kwanza tu inaweza kuleta ngumi. Wakakubaliana kwamba mambo ya dini na siasa yabaki mlangoni. Ndani tutazungumza juu ya hewa, damu, nyota na buibui. Kauli mbiu yao ya Kilatini ilikuwa na maana kwamba usifungwe na neno la mtu yeyote. Usilete Aristotle kama ushahidi, lete kitu chenyewe tukione sote.

Hapo ndipo naona uzito wa jambo hili. Waligundua namna ya kubishana bila kuuana. Mmoja anafanya jaribio mbele ya wengine, wanaangalia, karani anaandika kilichoonekana, na wale waliokuwepo wanakuwa mashahidi. Anayebisha anaruhusiwa kurudia. Ni kama baraza la wazee, tofauti yake ni kwamba mzee mwenye neno la mwisho ni kile kitu kilicho mezani.

Hawakuwa wa kwanza. Italia ilikuwa imetangulia. Mwaka 1603 kijana kabaila mjini Roma, Federico Cesi, akiwa na miaka 18 tu, alianzisha chama cha wasomi alichokiita kwa jina la linksi, yule paka wa mwituni mwenye macho makali. Galileo alijiunga mwaka 1611. Cesi alipofariki mwaka 1630, chama nacho kikasambaratika. Florence nako wakuu wa ukoo wa Medici walianzisha chama cha majaribio mwaka 1657, na kufikia 1667 kilikuwa kimekwisha. Tatizo la vyama vyote viwili ni la mlezi mmoja. Tajiri akifa, au akichoka, au akipata cheo kingine, mambo yamekwisha. Wafaransa walipoanzisha chao mjini Paris mwaka 1666, serikali ililipa mishahara, na wasomi wachache waliochaguliwa wakaishi kwa raha wakifanya kazi nzuri sana. Lakini alaye mezani kwa mfalme huanguka na mfalme. Mwaka 1793 Mapinduzi ya Ufaransa yakakifuta, na mwaka uliofuata mwanachama wake mashuhuri, Lavoisier, bingwa wa kemia, akapelekwa kwenye mashine ya kukatia vichwa, ingawa kosa lake lilikuwa kukusanya kodi za mfalme.

Wale wa London waliishi kwa michango. Na kama ilivyo kwa chama chochote cha michango ambacho wewe na mimi tumewahi kujiunga nacho, wengi hawakulipa. Katika miaka ya 1670 madeni yalikuwa mengi na mahudhurio yalipungua hadi ikatia aibu. Waliokiokoa ni wafanyakazi wawili ambao vitabu vya shule haviwapi haki yao.

Wa kwanza ni Henry Oldenburg, Mjerumani kutoka Bremen, katibu wa barua. Huyu bwana hakugundua kitu chochote. Kazi yake ilikuwa kuandika, kutafsiri, kunakili, na kuwauliza watu walio mbali: huko kwenu mnaona nini? Alikuwa na lugha nyingi na subira nyingi zaidi. Barua zilimjia kutoka Ulaya nzima, na ili zisimletee matatizo, nyingine ziliandikiwa mtu aitwaye Grubendol, London. Grubendol hakuwepo. Panga upya herufi za jina hilo utaona ni nani. Hata hivyo yalimkuta. Mwaka 1667, Uingereza ikiwa vitani na Uholanzi, barua zake zilitiliwa shaka, akafungwa katika ngome ya London kwa zaidi ya miezi miwili. Alipotoka alirudi kwenye barua zake.

Tarehe 6 Machi 1665 Oldenburg alitoa toleo la kwanza la jarida lake, Philosophical Transactions, kurasa 16 tu. Alilitoa kwa gharama na hatari yake mwenyewe, akitumaini litamletea riziki kidogo, na riziki yenyewe haikuwa ya kutajika. Sisi tunaotoa majarida ya kurasa chache na kuyauza mkononi tunaijua vizuri hadithi hiyo. Jarida lile bado linatoka mpaka leo.

Kwa nini nasema jarida lilibadilisha sayansi? Kwa sababu kabla ya hapo aliyegundua jambo alilificha. Aliogopa kuibiwa. Robert Hooke, nitakayemsema sasa hivi, alipogundua kanuni ya springi aliichapisha mwaka 1676 ikiwa imevurugwa kama fumbo la herufi, asiweze kuisoma mtu, kisha akalifumbua mwaka 1678. Oldenburg aliwapa watu sababu ya kufungua mikono. Ukileta jambo lako mbele ya Jumuiya, linaingizwa kwenye daftari na tarehe inaandikwa. Likichapishwa, dunia yote ina ushahidi kwamba ulikuwa wa kwanza. Yaani kutoa ndiko kukawa kumiliki. Mimi sijui uvumbuzi mwingine wa karne ile uliokuwa rahisi namna hiyo na wenye nguvu namna hiyo.

Wa pili ndiye huyo Hooke, mtoto wa mchungaji kutoka kisiwa cha Wight, mwili dhaifu, mgongo umepinda, mikono ya dhahabu. Ndiye aliyemtengenezea Robert Boyle pampu ya kufyonza hewa. Mwaka 1662 Jumuiya ilimwajiri kuandaa majaribio kwa ajili ya kila mkutano. Kila wiki, mwaka hadi mwaka! Mabwana wanaingia, wanakaa, Hooke lazima awe na kitu. Wiki hii pampu, wiki ijayo hadubini, wiki nyingine mbwa. Mwaka 1665 alitoa kitabu chake cha picha za hadubini, kiroboto akajaza karatasi ya kukunjua, na alipochora kipande chembamba cha kizibo cha chupa akaviita vile vishimo vyake kwa jina ambalo sisi tunalisema seli. Jioni alikuwa mtu wa kijiwe cha kahawa, shajara yake imejaa vijiwe hivyo. Na alikuwa mgomvi, hilo tusifiche.

Si yote waliyoyafanya yalikuwa ya busara. Novemba 1667 walimlipa mtu mmoja, Arthur Coga, shilingi 20 wakamtia damu ya kondoo mwilini. Alipoulizwa kwa nini damu ya kondoo, alijibu kwa Kilatini kwamba damu hiyo ina uhusiano na damu ya Kristo, Mwanakondoo wa Mungu. Alipona, kwa bahati tu. Paris mgonjwa mmoja aliyefanyiwa vivyo hivyo alifariki mapema mwaka 1668, jambo likaishia mahakamani.

Sasa nifike kwa mtu ninayempenda kuliko wote, na nitakaa naye kidogo. Antoni van Leeuwenhoek alizaliwa mwaka 1632 Delft, Uholanzi. Hakuwa na chuo kikuu. Hakujua Kilatini, na wakati ule msomi asiyejua Kilatini alikuwa sawa na bubu. Alijua Kidachi tu, lugha ya nyumbani. Alikuwa na duka la vitambaa, baadaye akapata na kikazi katika manispaa. Jioni alisugua vioo vidogo kama punje akavibana kati ya vibati viwili vya chuma, akawa anatazama kila kitu: mwiba wa nyuki, ukungu, damu, utando wa meno yake.

Mwaka 1673 daktari mmoja wa Delft, Reinier de Graaf, alimwandikia Oldenburg kwamba hapa kwetu kuna mtu ana hadubini bora kuliko zote. Oldenburg hakuuliza cheti. Aliomba barua, akaifasiri, akaichapisha. Kisha akaomba nyingine.

Oktoba 1676 ikaja barua ndefu. Leeuwenhoek alikuwa ameloweka pilipili manga kwenye maji, akitaka kujua kwa nini inawasha ulimini. Katika maji yale aliona vijidudu hai, vidogo mno, vikiogelea kwa maelfu. Sisi leo tunaviita bakteria na wenzao. Wakati ule hakuna mtu duniani aliyekuwa amesikia habari hiyo. Jiweke mahali pa wale mabwana wa London. Muuza vitambaa asiye na elimu anakwambia maji ya kunywa yana wanyama. Utamwambiaje?

Hawakumtukana, wala hawakumwamini. Walifanya walichokuwa wameahidi kufanya. Walisema na tujaribu. Leeuwenhoek naye akatafuta mashahidi wanane wa Delft na karibu yake, watu wa kuheshimika, wakiwemo wachungaji, wakachungulia na kutia sahihi kwamba wameona. Mjini London Nehemiah Grew alijaribu, hakuona kitu. Hooke akachukua kazi hiyo, akatengeneza vioo vipya na vijiti vyembamba vya kioo vya kuwekea maji, na tarehe 15 Novemba 1677 vijidudu vikaonekana mbele ya wanachama. Wren alikuwa miongoni mwa waliochungulia. Oldenburg hakuviona, alikuwa amefariki miezi miwili kabla. Mwaka 1680 muuza vitambaa akachaguliwa kuwa mwanachama kamili. Hakuwahi kwenda kukaa kwenye kiti chake, lakini barua hakuacha. Kabla ya kufa mwaka 1723, akiwa na miaka 90, alikuwa ameipelekea Jumuiya barua zinazokaribia 200, zote kwa Kidachi. Hadubini 26 za fedha alizowarithisha zilikaa kwenye kabati lao, halafu katika karne ya 19 zikapotea. Barua zipo.

Habari za Newton zinajulikana, nitapita haraka. Mwaka 1672 alituma makala juu ya mwanga na rangi, Hooke akaikosoa, Newton akachukia kiasi cha kutaka kujitoa. Aliyemrudisha kwenye kundi ni Edmond Halley, aliyemfuata Cambridge Agosti 1684 na swali kuhusu njia ya sayari. Kutokana na swali hilo kikazaliwa kitabu cha Principia. Jumuiya ilikubali kukichapisha, kisha ikajikuta haina kitu mfukoni, kwa sababu ilikuwa imetumia pesa zake mwaka 1686 kutoa kitabu kikubwa cha picha za samaki ambacho hakikununuliwa. Halley akachapisha Principia kwa pesa zake mwaka 1687. Na alipodai mshahara wake wa pauni 50, alipewa nakala 50 za kitabu cha samaki. Jamani!

Newton akaja kuwa rais wa Jumuiya mwaka 1703, mwaka uleule Hooke alipofariki, akakaa kitini hadi kifo chake mwaka 1727. Hapa kijiwe kilianza kunuka. Mwaka 1712 iliundwa kamati kuamua nani alitangulia kugundua kalkulasi, Newton au Leibniz, Mjerumani. Kamati ikampa ushindi Newton. Ripoti yenyewe aliiandika Newton. Wale waliokataa kufungwa na neno la mtu yeyote walikuwa wamepata bwana mkubwa, na neno lake lilitosha.

Na mlango ule haukuwa wazi kwa kila mtu. Margaret Cavendish, mwanamke aliyeandika vitabu vya falsafa, aliruhusiwa kutembelea kikao kimoja Mei 1667, akaonyeshwa majaribio kama mgeni, akaondoka. Mwaka 1902 Hertha Ayrton, mtaalamu wa umeme, alikataliwa kwa hoja kwamba ni mke wa mtu. Wanawake wa kwanza kuchaguliwa, Kathleen Lonsdale na Marjory Stephenson, walingoja hadi mwaka 1945. Hiyo ni miaka 285 tangu ile Jumatano.

Tena kuna pesa. Mwishoni mwa karne ya 17 Jumuiya yenyewe ilikuwa na hisa katika Royal African Company, kampuni iliyovusha watu kutoka Afrika Magharibi kwenda utumwani. Hans Sloane, aliyemrithi Newton kitini, sehemu ya utajiri wake ilitoka kwenye mashamba ya miwa ya Jamaica aliyokuja nayo mkewe. Na kutoka Jamaica hiyohiyo alikuwepo Francis Williams, Mwafrika, mshairi wa Kilatini na mwanahisabati. Gazeti moja la London la mwaka 1771 liliandika kwamba jina lake lilipendekezwa kwenye Jumuiya likakataliwa kwa sababu ya rangi ya ngozi yake. Picha yake ya rangi ipo London: mtu mweusi amevaa wigi, amesimama katikati ya vitabu vyake. Mwaka 2024 mwanahistoria Fara Dabhoiwala alieleza kwamba kitabu kilichofunguliwa mezani ni Principia, na kwamba angani, nje ya dirisha, ni ile nyotamkia ambayo Halley alitabiri kurudi kwake, iliyoonekana mwaka 1759. Leeuwenhoek hakujua Kilatini akaingia. Williams alikijua, akabaki nje.

Vyama vya namna hii vilizaana. Mwaka 1830 London ilipata chama cha jiografia, Royal Geographical Society, na hicho ndicho kilichowatuma Burton na Speke huku kwetu mwaka 1857, wakapita Tabora, wakafika Ujiji Februari 1858. Aliyekuwa nao ni Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa Bara Hindi, akarudi Unguja na kuwa askari wa Sultani. Alizungumza na Speke kwa Kihindustani. Alikuwa naye ziwa la Nyanza lilipoandikwa jina la malkia wao. Baadaye alisafiri na Stanley, kisha na Cameron, aliyelivuka bara kutoka pwani hii hadi pwani ya Atlantiki. Mwaka 1876 chama kile kilimpa medali ya fedha na pensheni.

Leeuwenhoek aliandika mwenyewe aliyoyaona, kwa Kidachi, London wakatafuta mtu wa kumfasiri. Maisha ya Bombay tunayasoma katika kitabu cha Speke cha mwaka 1864, kwa Kiingereza.